Je, elementi za safu moja ni sumu moja? Jibu kwa muuza chumvi wa Kasulu

*"Shikamoo mwalimu. Ninauza chumvi sokoni Kasulu, nyingi ikiwa ile ya Uvinza inayokuja kwa magunia na ambayo ninaipima kwa kopo, na kidogo ya pakiti. Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi alirudi na jedwali la elementi akaniambia kwamba chumvi ni sodiamu, ambayo ni metali inayowaka ikiguswa na maji, pamoja na klorini, ambayo ni gesi iliyoua askari vitani. Kisha akanionyesha kuwa iodini, yaani madini joto tunayoambiwa yawemo kwenye chumvi, iko safu moja na hiyo klorini. Wapo wateja wanaosema siku zote kwamba madini joto yanaharibu uzazi, na sasa mwanangu mwenyewe ananipa sababu ya kuwaamini. Tena anasema jedwali lenyewe lina kosa, maana wamefundishwa kwamba elementi zilipangwa kwa uzito, lakini iodini imewekwa nyuma ya elementi iliyo nzito kuliko yenyewe. Je, ninawauzia watu sumu? Niache chumvi ya Uvinza, au niache ile yenye madini joto?"*

Marahaba, mama. Unauliza mambo matatu kwa pamoja: kama chumvi yenyewe ni sumu, kama madini joto ni sumu kwa sababu ya majirani zake katika jedwali, na kama jedwali lenyewe ni la kuaminiwa. Kwa la kwanza jibu ni hapana. Kwa la pili jibu ni hapana pia, kwa kiasi kinachowekwa kwenye chumvi. La tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa binti yako ameliona kwa macho yake jambo lililowasumbua wakemia kwa zaidi ya miaka arobaini, nami nitalirudia kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la wasiwasi wako kuhusu madini joto.

Nianze kwa kukubali kwamba binti hakusema uongo. Sodiamu tupu ni metali laini, unaweza kuikata kwa kisu, na ikitupwa majini huchemka kwa kishindo na huweza kushika moto. Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyeitenga kwa mara ya kwanza, mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika magadi makali yaliyoyeyushwa. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani-manjano iliyopatikana mwaka 1774 na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, ambaye hakujua kuwa ameshika elementi. Ni Davy huyohuyo aliyelitangaza jambo hilo mwaka 1810. Ni kweli pia kwamba gesi hiyo ilitumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, na ikaua watu wengi. Kosa liko katika hatua inayofuata, pale mtu anapodhani kwamba vitu viwili vikiungana, kila kimoja huingia katika muungano huo na tabia zake zote za zamani.

Mwambie binti atafute chumvi kwenye jedwali. Hataiona, kwa sababu jedwali huorodhesha elementi peke yake, na chumvi ni kampaundi, yaani kitu kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana. Kila atomi ina kiini katikati, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni zilizojipanga katika matabaka. Sodiamu, ambayo ni namba 11, ina elektroni 2 katika tabaka la kwanza, 8 katika la pili, na moja tu katika la tatu. Klorini, namba 17, ina 2, 8 na 7. Matabaka haya hutulia yanapokuwa yamejaa, na hapa kujaa kwake ni kuwa na elektroni 8. Hivyo sodiamu ni kama mchukuzi aliyebebeshwa mzigo mmoja wa ziada asioutaka, na klorini ni kama mwenye mkokoteni uliobakiza nafasi ya mzigo mmoja. Vurugu yote ya sodiamu ndani ya maji ni haraka ya kuutua mzigo huo, na ukali wote wa klorini mapafuni ni haraka ya kuunyang'anya kutoka kwa chochote kilicho karibu. Zinapokutana, elektroni huhama kutoka huku kwenda kule, na haja ya kila mmoja huwa imekwisha. Sodiamu iliyokwisha kutoa elektroni yake haina tena cha kutupa, na klorini iliyokwisha kuipata haina tena cha kunyang'anya. Kilichobaki ni ioni mbili, yaani atomi zilizotoa au kupokea elektroni, zilizotulia na kushikana kwa mvuto wa chaji, nazo ndizo chumvi. Katika kila gramu 100 za chumvi safi kuna takriban gramu 39 za sodiamu na gramu 61 za klorini, na hakuna hata chembe moja kati ya hizo inayoweza kuwaka wala kukukaba roho.

Kwa Uvinza jambo hili lina uzito wa pekee. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata ushahidi kwamba maji ya chemchemi za huko yalikuwa yakichemshwa kwa ajili ya chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kusikia jina la sodiamu. Maji yale yanapotoka ardhini tayari yamebeba ioni zilizotulia. Hayajapata kuwa metali wala gesi mikononi mwa mchemshaji. Kuni hufukuza maji peke yake. Ili kuirudisha chumvi iwe sodiamu na klorini, ingekubidi kuiyeyusha chumvi yenyewe, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 801 za Selsiasi, kisha uipitishe umeme. Hakuna sufuria ya jikoni inayofanya kazi hiyo.

Chumvi ina madhara yake, lakini hayatokani na moto wala gesi. Ikizidi mwilini kwa miaka mingi huchangia shinikizo la damu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, ukihesabu na ile iliyomo katika dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Hilo ni kweli kwa chumvi ya Uvinza, ya baharini, ya pakiti na ya gunia.

Sasa tuje kwenye safu, yaani elementi zilizopangwa kutoka juu kwenda chini katika jedwali. Hadithi ya iodini inaanza Ufaransa mwaka 1811, wakati wa vita vya Napoleon. Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura ya baruti kwa kutumia majivu ya mwani. Siku moja alitia asidi salfuriki nyingi kuliko kawaida katika mabaki ya majivu hayo, ukapanda mvuke wa rangi ya zambarau ambao ulipogusa mahali pa baridi uliganda kuwa fuwele nyeusi zinazong'aa. Wakemia wenziwe, akiwamo Gay-Lussac na Davy, walithibitisha baadaye kwamba ilikuwa elementi mpya yenye tabia za kushangaza kwa namna zilivyofanana na za klorini. Mwaka 1826 kijana wa Montpellier aitwaye Antoine Balard alichunguza umajimaji mchungu unaobaki baada ya chumvi ya baharini kuganda, ule ambao wachemshaji wengi huumwaga, akaupitisha klorini, na akapata kimiminika chekundu-kahawia chenye harufu kali. Hiyo ndiyo bromini. Inasimuliwa kwamba mkemia mkubwa wa Kijerumani, Justus von Liebig, alikuwa amekwisha kuletewa chupa ya kitu hichohicho, akakidhani kuwa ni mchanganyiko wa iodini na klorini, akabandika karatasi ya jina na kukiweka kabatini.

Ukitazama kosa la Liebig utaona kwamba halikuwa la kipumbavu, kwa sababu bromini kweli iko katikati ya klorini na iodini kwa karibu kila kipimo. Klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, iodini ni yabisi. Mwaka 1829 mkemia wa Kijerumani Johann Döbereiner alionyesha kwamba hata uzito wa atomi hufuata mkondo huo: chukua 35.5 ya klorini na 127 ya iodini, jumlisha, gawanya kwa mbili, unapata kama 81, na uzito wa bromini ni takriban 80. Hapo mbegu ya jedwali ilikuwa imekwisha kupandwa, ingawa ilichukua miaka mingine arobaini hadi Dmitri Mendeleev wa Urusi alipozipanga elementi 63 zilizokuwa zikijulikana mwaka 1869.

Mendeleev alipanga kwa uzito, kama binti alivyofundishwa, lakini alikuwa na sharti la pili ambalo vitabu vya shule hulipita upesi mno: elementi zenye tabia zinazofanana lazima ziangukie safu moja. Kwa sehemu kubwa ya jedwali masharti hayo mawili yalikubaliana. Kwa iodini yaligombana. Teluriamu, ile elementi ambayo binti aliiona mbele ya iodini, ina uzito wa 127.6 na iodini 126.9, kwa hiyo kwa mizani peke yake iodini ingetangulia, nayo ingeangukia chini ya oksijeni na salfa, mahali isipofanana na yeyote. Mendeleev alichagua tabia akauacha uzito. Akaiweka iodini chini ya bromini, na kwa kujitetea akasema kwamba waliopima teluriamu lazima walikosea. Waliporudia kuipima walikuta hawakukosea. Mendeleev alikuwa sahihi kuhusu mahali pa iodini, lakini sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, na mpaka anafariki mwaka 1907 hakuipata ya kweli.

Aliyeipata ni Henry Moseley, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Mwaka 1913 na 1914 alipima mionzi ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali akagundua kwamba kila elementi ina namba yake kamili, ambayo leo tunaijua kuwa ni idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, katika kiini. Teluriamu ina 52 na iodini 53, basi. Uzito mkubwa wa teluriamu unatokana na nyutroni, chembe nyingine za kiini zisizo na chaji, ambazo huongeza uzito bila kubadili namba. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Kwa hiyo mwambie binti kwamba jedwali halina kosa mahali hapo, na kwamba akitazama vizuri ataona jambo lilelile kwa argoni na potasiamu. Mwalimu wake akisema elementi zimepangwa kwa uzito, anaeleza namna kazi ilivyoanza. Tangu Moseley zinapangwa kwa namba ya atomi.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha wazi kile ambacho safu inakisema na kile isichokisema. Safu inasema kwamba elementi zina idadi sawa ya elektroni katika tabaka la nje, na hivyo huungana na nyingine kwa namna moja: klorini, bromini na iodini zote zinatafuta elektroni moja, na zote zikiungana na sodiamu hutoa vitu vyeupe vinavyoyeyuka katika maji. Safu haisemi lolote kuhusu kitu gani mwili wa binadamu unakihitaji. Mwambie binti atazame safu ya naitrojeni. Juu kabisa iko naitrojeni yenyewe, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa anayoivuta sasa hivi. Chini yake iko fosforasi, ambayo mifupa yake haiwezi kujengwa bila hiyo. Na chini ya fosforasi iko aseniki, sumu iliyojulikana tangu zamani. Kama ujirani katika safu ungekuwa ushahidi, ingetubidi tuogope mifupa yetu wenyewe.

Iodini nayo inapatikana katika sura zaidi ya moja, na hapa naomba uwe mwangalifu. Fuwele za iodini na ile dawa ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda ni kali, na ukizinywa zinaunguza koo na tumbo. Kamwe mtu asidondoshe dawa ya kidonda kwenye chumvi au chakula kwa nia ya kuongeza madini joto. Kinachowekwa kwenye chumvi ni kampaundi iitwayo potasiamu iodeti, ambamo iodini imekwisha kufungwa pamoja na potasiamu na oksijeni, na huchaguliwa kwa sababu hustahimili unyevu na joto la nchi kama yetu.

Kazi yake mwilini inajulikana vizuri. Mbele ya koo kuna tezi inayoitwa dundumio, ambayo hunyonya iodini kutoka kwenye damu na kuitumia kutengeneza homoni. Homoni kuu kati ya hizo hubeba atomi nne za iodini katika kila molekuli. Homoni hizo huongoza kasi ya mwili kutumia chakula, ukuaji wa mtoto, na zaidi ya yote ujenzi wa ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Iodini ikipungua, ubongo huiamuru tezi ifanye kazi zaidi, nayo hukua ikijaribu kunasa kidogo kilichopo. Huo uvimbe ndio rovu, au goita kama wanavyoiita hospitalini. Kuhusu uzazi, mambo ni kinyume kabisa na wanavyosema wateja wako: ni upungufu wa madini joto unaohusishwa na mimba kuharibika, watoto kuzaliwa wafu na watoto kuzaliwa na akili iliyodumaa.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku (maikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu), na mama mjamzito au anayenyonyesha maikrogramu 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka sabini hupati hata gramu nne. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo humpa anayekula gramu 5 kwa siku maikrogramu 150 hasa, na ili apate kiasi cha kumdhuru kupitia chumvi hiyo, chumvi yenyewe ingemdhuru kwanza.

Huenda utauliza kwa nini sisi wa Kigoma tuhangaike na jambo hili. Iodini huyeyuka, na mvua za miaka mingi huisafirisha kutoka milimani hadi baharini, hivyo udongo wa nyanda za juu zilizo mbali na pwani huwa na iodini kidogo, na mazao yake vilevile. Samaki wa maji baridi, hata dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, huwa na iodini kidogo kuliko samaki wa bahari. Tena tunakula ugali wa muhogo. Muhogo usiolowekwa na kuvundikwa vya kutosha huacha sianidi, ambayo mwili huibadilisha kuwa thayosayanati, na ioni hiyo hugombania na iodini njia ileile ya kuingilia kwenye tezi. Sisemi muache muhogo. Nasema uandaliwe kama bibi zetu walivyouandaa, bila kufupisha siku za kuloweka kwa sababu mnunuzi anangoja.

Basi uuze ipi? Chumvi ya Uvinza haina ubaya wowote kwa kuwa ya Uvinza. Chumvi ghafi, iwe ya chemchemi au hata ya baharini, kwa kawaida haina madini joto ya kutosha, na wengi hushangaa kusikia hivyo kuhusu ya baharini. Cha kuuliza ni kama gunia lako limewekewa au la, wala usikisie kwa rangi, kwa ukubwa wa punje au kwa mahali lilikotoka. Kuna kimiminika maalumu cha kupimia kinachodondoshwa juu ya chumvi, nayo hugeuka buluu au zambarau ikiwa madini joto yapo. Binti anaweza kutaka kujaribu kwa kunyunyiza chumvi juu ya muhogo uliochemshwa, kwa kuwa amejifunza kwamba iodini huugeuza wanga kuwa buluu. Mwambie hataona kitu, kwa sababu iodeti haifanyi hivyo mpaka ichanganywe kwanza na asidi na iodidi (ioni ya iodini iliyokwisha kupata elektroni), vitu ambavyo vimo katika kimiminika hicho.

Ukikuta gunia halina, usijaribu kuchanganya mwenyewe nyumbani. Gunia la kilo 50 linahitaji takriban gramu mbili na nusu tu za potasiamu iodeti, na kuzisambaza gramu hizo sawasawa kwa mkono na beleshi ni vigumu sana: kopo moja litatoka bila kitu na jingine na kiasi cha kupindukia. Kazi hiyo ifanyike kwa wazalishaji, kwa vipimo na mashine, nao wakiwa kikundi hupata msaada kwa urahisi zaidi kuliko mmoja mmoja. Wewe mwone afisa lishe wa halmashauri yako. Yeye anaweza kukupimia sampuli au kukuelekeza, na nyuma yake iko Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Najua kwamba chumvi iliyowekewa inaweza kukugharimu zaidi na kwamba mteja wa kopo anahesabu kila shilingi. Ukishindwa kubadilisha yote mara moja, walau uwaeleze wajawazito na wenye watoto wadogo wachukue iliyothibitishwa. Hiyo iliyothibitishwa nayo iweke juu ya mbao, mbali na jua na mvua, ndani ya mfuko uliofungwa, kwa maana chumvi ikilowa na kuchuruzika, madini joto huondoka na maji yake.

Wapo watu ambao ushauri wa maandishi hauwatoshi. Mwenye uvimbe shingoni unaoonekana, anayepata shida kumeza au kupumua, au ambaye sauti yake imebadilika, aende kituo cha afya, na wakiona haja watampeleka Hospitali ya Maweni, mjini Kigoma. Mzee aliyeishi na rovu kwa miaka mingi, kisha akaanza kutumia madini joto na kuona moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka au anakonda bila sababu, amwone daktari upesi, kwa kuwa tezi ya namna hiyo wakati mwingine huanza kutengeneza homoni kupita kiasi inapopata iodini baada ya njaa ya muda mrefu. Jambo hilo hutokea kwa wachache na hutibika. Anayetumia dawa za tezi asibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia dawa hizo.